Mbwa Aliyefuzu Somo Moja

Kibosho,
Jumapili, 8 Machi 1998

Kaka yangu Ildefonce,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba karatasi hizi zitakufikia ukiwa na nguvu zako, na kwamba shemeji Ruth na watoto wanaamka salama huko Mwanza. Miguu yako iliyokuwa ikivimba imepata nafuu? Mwezi wa saba nilikuona ukipanda ngazi za hospitali kwa kushika ukuta, nikahuzunika. Na mkono wa Hilda unaendeleaje? Hilo nitalirudia, maana ndilo lililonikalisha hapa mezani.

Sisi huku tu wazima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa. Mama anakula vijiko vitatu vya mtori na kusema ameshiba. Macho yake yamezidi kuingia ukungu. Sasa anatutambua kwa nguo na kwa mwendo, sura hazimfikii tena. Gladys anakusalimu sana. Mvua hii waliyoibatiza Elnino ilianza Oktoba na mpaka leo haijaambiwa kwamba watu huwa wanapumzika. Migomba ya upande wa mtoni imelala chini yote. Kahawa tuliyovuna mwaka jana walikuja kuichukua wale wanunuzi binafsi, na magari yao na mizani yao, wakasema bei waliyoitaka wao nasi tukaitikia amina. Majirani wawili wameshang'oa mibuni na kupanda nyanya. Mimi nimeiacha ya kwetu isimame, kwa sababu ya uvivu wa kung'oa tu, matumaini sina.

Najua utashangaa kupata barua ndefu kutoka kwangu. Tangu uondoke na Hilda nimekuandikia mara mbili, na mara zote mbili hazikuzidi ukurasa, kama mtu anayeandika kwa wino wa kuazima. Leo Gladys amekwenda misa ya pili, Mama amesinzia, nami nimebaki kwa kisingizio cha ng'ombe. Nataka nikusimulie habari za yule mbwa wetu, Karani, tangu mwanzo. Wewe unamjua kwa tendo lake moja. Ningependa umjue na kwa mengine, ili ukifika mwisho umhukumu anayestahili kuhukumiwa.

Alifika Septemba ya mwaka tisini na sita. Wakati huo wezi wa kahawa walikuwa wameshapanda mpaka huku kwetu. Kwa Eliona, jirani wa juu, walikomba kahawa yote iliyokuwa kwenye vichanja, wakaacha na salamu ya kuangusha mlango wa choo. Gladys ana shangazi yake anaitwa Yuditha, anakaa Shirimatunda, na jike lake lilikuwa limezaa sita. Gladys akateremka kumsalimu, akarudi na mmoja ndani ya katoni la sabuni. Kumbe sabuni zenyewe hazikuwa zimeisha. Walipofika nyumbani yule mtoto wa mbwa alikuwa ameshatoboa katoni na kula kipande kizima, na jioni yote alikuwa akitoa povu mdomoni huku akitikisa mkia. Mama akasema ndivyo walivyo wa tambarare, wamezoea kuoga.

Jina nalo alimpa Mama. Kila asubuhi yule mbwa alianza ukaguzi: bandani kwa ng'ombe, jikoni, kwa kuku, chooni, kwenye vichanja, halafu anarudi kukaa katikati ya uwanja akitutazama wote kwa zamu. Mama akasema huyu ni karani wa chama cha msingi, wa zile enzi ambazo chama kilikuwa na meno, anapita kutafuta kasoro halafu analala mpaka saa nane. Tukacheka, na jina likamganda.

Kaka, ule utundu sijawahi kuuona kwa mnyama. Mayai aliyatoboa ncha na kuyanyonya, akayaacha maganda yamekaa vizuri kwenye kiota ili kuku alaumiwe. Alikunywa machicha ya mbege yaliyomwagwa nyuma ya jiko, akaimba mchana kutwa, akalala na mbuzi. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, watu waliacha viatu mlangoni kwa sababu ya matope, na wakati sisi tuko kwenye fumbo la tatu la rozari yeye alikuwa akivigawa migombani. Watu walirudi makwao wakiwa wamevaa walichookota. Wiki mbili nzima baada ya misa waumini walikuwa wakibadilishana viatu mbele ya kanisa, na mimi nikisimama pembeni nikiomba radhi. Viatu vya Gladys vya Krismasi tulivipata kwenye lundo la samadi, na kimoja mpaka leo kina harufu.

Nikaona aibu imezidi, nikamwendea mzee Sirili. Utamkumbuka, yule mrefu wa karibu na kisima, aliyekuwa akitunza mbwa wa Mgiriki kwenye mashamba ya mkonge kule chini. Mzee Sirili akaniambia samaki mkunje angali mbichi, na kwamba nimeshachelewa miezi miwili. Akaniagiza nimjengee Karani kibanda chenye giza, nimfunge mchana, nimfungulie jioni, ili asizoee watu. Nikajenga. Siku ya pili alikuwa amechimba chini ya ukuta na kutokea kwenye bustani ya mboga ya Gladys. Nikatia mawe. Akachimba upande wa pili.

Tukaingia kwenye maneno ya amri. Nikimwambia kaa, analala chali. Nikimwambia njoo, anaondoka zake. Nikimwambia acha, anameza haraka zaidi. Mzee Sirili alimtuma rafiki yake ajifanye mwizi, apite migombani saa kumi na mbili jioni na gunia begani, na sisi tukajificha tuone. Karani alimpokea kwa furaha, akamlamba mikono, akashika pembe ya gunia kwa meno, akamsindikiza mpaka barabarani. Mzee Sirili akasema kwamba katika miaka ishirini na mbili ya kazi ile hajaona mbwa anayesaidia kubeba.

Limebaki somo moja, akaniambia, na likishindikana hilo nimrudishe Shirimatunda. Nitafute koti lenye jasho la mtu mgeni, ikiwezekana la mitumba, ambalo mwenyewe yuko Ulaya na hatakanyaga hapa kamwe. Nilijaze majani makavu ya mgomba, nilining'inize kwenye tawi la mringaringa, nifunge kamba kwenye mkono wa kulia ili nikivuta mkono unyanyuke. Halafu nichague neno moja, lisilotamkwa ovyo pale nyumbani. Nikilitaja, mkono unyanyuke, mbwa akamate. Akikamata apewe nyama. Akanionya kwamba mbwa hujifunza harufu na neno kwa pamoja, na akishajifunza hakuna wa kumfuta, hivyo niangalie ninachomfundisha.

Koti nikapata. Neno nikapata. Somo hilo Karani alilifuzu kwa wiki tatu, na nikaendelea naye miezi. Kila jioni nilimpeleka kwenye mringaringa ulio nyuma ya banda, mahali ambapo Gladys na Mama hawafiki, na akishamaliza nalirudisha koti kwenye gunia nalificha juu ya dari la banda. Nje ya somo hilo alibaki yule yule, mwizi wa mayai na rafiki wa kila mpita njia.

Ndipo Juni ya mwaka jana ukamleta Hilda kwa likizo. Uliandika kwamba unataka amwone bibi yake kabla macho hayajafunga kabisa, nami nilikushukuru kwa barua fupi. Leo naomba nikushukuru vizuri. Wiki tatu zile nyumba hii ilikuwa na mtoto ndani yake. Alikuwa akiamka anamwogesha Mama uso, anamsomea Injili ya siku, anamsaidia Gladys kusuka mikeka, na jioni anakaa jikoni akitusimulia shule yao mpaka chai inapoa. Aliniita Baba mdogo kwa sauti ya kunyoosha, kama mnavyosema huko Mwanza. Ninalikosa jina hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Na Karani alikuwa wake tangu siku ya kwanza. Mimi niliyemfunga kamba na kumjengea kibanda sikuambulia kitu. Yeye bila kamba, kwa makoko ya ugali aliyoyaficha nyuma ya mgongo, alimfundisha kukaa, kusubiri, na kutoa mguu wa mbele kusalimia. Ndani ya wiki mbili mbwa alikuwa akimpa Mama mguu kila asubuhi. Nilimwonea mtoto wivu kidogo, nakiri, lakini wivu wa kucheka.

Yaliyofuata uliyasikia kwangu. Nilikuambia pale kwenye veranda ya hospitali, Hilda akiwa amelala, kwamba asubuhi ile alikuwa akimchezea mbwa na sahani ya chakula, anampa anamnyang'anya, anampa anamnyang'anya, mpaka mnyama akachoka akamrukia mkono. Nilikuambia kwamba nilishamkanya mara kadhaa. Ukaingia wodini ukamgombeza akiwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Niliyasikia yote nikiwa mlangoni. Ulimwambia kwamba mkono unaochezea mnyama ndio unaoumwa, na kwamba amejitafutia. Alikutazama, akaitikia ndiyo baba. Nami nilisimama pale na chupa ya chai.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu nilipokea barua kutoka kwa Hilda. Sijui kama aliiandika kwa ruhusa yako. Ni nusu ukurasa, herufi kubwa zilizolala upande, kwa mkono wa kushoto. Anasema vidole vitatu havikunji bado, na kwamba mtihani wa kidato cha pili hakumaliza karatasi hata moja kwa sababu ya kuandika polepole, kwa hiyo anarudia darasa. Anasema ushonaji ameacha. Halafu anaomba msamaha. Ananiomba mimi msamaha, kaka. Anasema anajua kwamba ni yeye aliyemharibu Karani kwa mchezo wa kuficha chakula, na kwamba kwa ajili yake nilipoteza mbwa niliyemlea kwa taabu. Anasema wewe umemweleza na amekubali kosa. Anauliza kama shangazi Yuditha amepata watoto wengine wa mbwa, na kama nitachukua mmoja, ananiahidi kwamba akija hatamgusa.

Nimeisoma barua hiyo kila siku. Nilikwenda nayo kwa Padre, kwenye kitubio. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia Mungu anaweza kunisamehe leo hii, lakini kuna mtoto Mwanza amebeba mzigo wangu, na mzigo huo hauteremshwi na Padre. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi kuzaa sikuzaa, lakini kuficha nimeficha vya kutosha.

Koti lile lilikuwa lako. Lile la kijivu, ulilolisahau Krismasi ya tisini na tano, lililokuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha Mama. Mwezi wa saba uliposikia baridi uliliulizia, nikakujibu kwamba panya walilitafuna. Halikutafunwa na panya. Wakati unauliza lilikuwa limeshazikwa kwenye shimo la samadi, na mkono wake wa kulia haukuwepo tena.

Na neno nililomfundisha lilikuwa jina lako. Kila jioni, miezi ile yote, nilivuta kamba nikasema Ildefonce, na Karani akaruka, akakamata mkono, akaning'inia nao mpaka nimwambie basi. Nikampa nyama. Nikacheka. Sitakudanganya kwamba nilifanya kwa shingo upande. Siku nyingi hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu nzuri kuliko zote.

Unajua kilichonifikisha huko, au labda hujui, maana anayetupa jiwe hukumbuka mkono wake tu. Agosti ya tisini na sita uliniandikia kwamba kiwanda kinauzwa kwa mtu binafsi, kwamba utapunguzwa kazini, na kwamba utarudi kujenga kwenye kahawa ya chini. Kuhusu hilo pekee tungeweza kuzungumza. Shamba hili la kihamba aliniachia Baba kwa sababu mimi ni kitinda mimba, ndiyo desturi, lakini wewe ni mtoto wake kama mimi. Ila uliongeza mstari mmoja. Uliniuliza kihamba hicho ninamtunzia nani, wakati sina wa kumwachia.

Barua hiyo Gladys aliisoma kabla yangu, maana ndiye aliyeipokea kutoka posta. Aliikunja, akairudisha kwenye bahasha, akaniwekea mezani, akaingia chumbani. Siku ile jiko halikuwashwa. Miaka kumi na minne tumehangaika, kwa madaktari, kwa maji ya baraka, kwa watu ambao Padre akijua tumewaendea atatufukuza. Hajawahi kulia mbele yangu kabla ya siku ile. Sikukujibu barua yako, kwa kuwa maneno niliyokuwa nayo yasingeandikika. Mwezi uliofuata mbwa akaja, na mzee Sirili akaniambia nitafute koti. Akaniuliza baadaye nimelipata wapi, nikamwambia mitumba ya Majengo.

Asubuhi ile ya Juni kulikuwa na baridi kali na ukungu mpaka mlangoni. Hilda alitoa kwenye begi sweta lako la kijani, lile la zamu ya usiku. Gladys alishaomba alifue tangu wiki ya kwanza, Hilda akakataa, akasema lina harufu ya baba yake na analiweka kwa siku ya kukumbuka nyumbani. Akalivaa. Mikono ilimzidi urefu. Akatoka jikoni na sahani ya makoko, na Karani alikuwa kando yake, akimnusa lile sweta, amesimamisha nywele za shingoni, lakini ametulia, kwa sababu aliyelivaa alikuwa Hilda. Mama alikuwa kwenye kigoda chake barazani. Akaona kijani kile kinakuja ndani ya ukungu, akasimama bila fimbo kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, akanyoosha mikono, akaita jina lako kwa sauti kubwa. Akasema kumbe umekuja, mwanangu.

Nilikuwa mlangoni mwa banda na mzigo wa majani kichwani. Nilijua kabla hajaruka. Nilifungua kinywa niseme basi, na sauti haikutoka. Alikamata mkono wa kulia, kama alivyofundishwa, akaning'inia. Ni Hilda aliyemwita, Karani, Karani, na aliposikia sauti yake mbwa akaachia. Akakaa chini mbele yake na damu mdomoni. Halafu akanyanyua mguu wa mbele akampa.

Kwa hiyo Hilda hakumchokoza. Hakumnyang'anya sahani. Alikuwa amevaa sweta la baba yake, basi.

Bado kuna jambo moja. Hospitalini walisema mbwa afungwe siku kumi aangaliwe kama ana kichaa, na akiwa mzima siku ya kumi, sindano za Hilda zisimamishwe. Karani alikuwa mzima. Alikula, alibweka, alichimba. Siku ya nane ilifika simu yako ya maandishi kwamba utafika Jumamosi. Nikaona picha yote: wewe unaingia uwanjani, Mama anakuita kwa jina, na mbwa anakata kamba mbele ya watu. Kila mtu angeelewa siku ile ile. Mchana huo nilimfungua nikamshusha korongoni. Alifurahi sana, maana siku nane hakuwa ametembea, akawa anatangulia na kurudi, anatangulia na kurudi, akidhani tunakwenda kukata majani. Nilitumia shoka. Nilikuambia bwana mifugo ndiye aliyeamuru, hakuamuru mtu. Na kwa kuwa siku kumi hazikutimia, Hilda alimaliziwa sindano zote ambazo hakuzihitaji. Ulimshika miguu wewe mwenyewe wakati wanamchoma.

Mama hajui lolote kati ya haya. Yeye anaamini kwamba asubuhi ile alipata njozi yako, kwamba Mungu alimwonya mjukuu wake yuko hatarini, naye akaita jina la kwanza lililomjia. Anashukuru kwa hilo kila jioni kwenye sala. Nakusihi asiambiwe. Gladys nitamwambia mwenyewe leo akitoka misa, kabla barua hii haijaenda posta, na sijui kama kesho atakuwa bado humu ndani. Ana haki ya kuondoka. Nilimkasirikia mtu kwa ajili yake, nikamwumiza mtoto pekee aliyewahi kumwita mama mdogo.

Ninachokuomba ni kimoja. Msomee Hilda mahali nilipoandika kwamba hakumchokoza. Hata ukichana karatasi zilizobaki, hiyo isome. Mwambie yale aliyomfundisha Karani yalikuwa yamemwingia, na kwamba ndiyo yaliyomfanya aachie. Umwombe radhi na wewe kwa yale uliyomwambia wodini, ingawa uliyasema kwa kudanganywa. Kuhusu kahawa ya chini, njoo ujenge ukitaka, njoo na watoto, sehemu ni yako. Ningekujibu hivyo tangu mwaka ule, sasa hivi tungekuwa tunagombana kuhusu mfereji kama ndugu wengine. Lakini najua shamba halikunji vidole vya mtu, na sikupi kama fidia. Daktari aliniambia mwezi wa saba kwamba ile mishipa haitaungana tena. Wewe alikuambia tusubiri tuone, kwa sababu nilimwomba akuambie hivyo.

Jana jioni nilikwenda mpakani nikakata isale. Nilichagua jani zuri, la katikati, nikalifunga fundo kama alivyokuwa akifunga Baba, nikalitia ndani ya bahasha hii. Wewe ni mkubwa, huhitaji kufundishwa na mimi: anayepelekewa isale hana njia ya kukataa, hata kama ameuliwa mtoto. Wazee wetu walisamehe damu kwa jani hilo, wengine wakiwa bado hawajamaliza kulia. Nilikuwa na uhakika kwamba likikufikia, hata limekauka, utanisamehe.

Asubuhi hii nimelitoa. Nimeona kwamba nikikutumia hilo nitakuwa nimekufunga kamba na wewe, nivute, mkono unyanyuke. Nimeshafundisha wengine kufanya ninalotaka na nimeona mwisho wake. Bahasha ina karatasi hizi tu. Ukitaka kukataa, una nafasi yote ya kukataa, na hakuna mzee wa ukoo atakayekuuliza.

Mpe shemeji Ruth shikamoo za Gladys, na watoto wote uwapakate kwa niaba ya bibi yao, ambaye ameamka sasa hivi na ananiuliza namwandikia nani. Nimemwambia nakuandikia wewe. Amefurahi, amesema nikuambie uje kabla ya Pasaka, na uje umevaa lile sweta la kijani ili akuone ukiwa bado mbali.

Hilda msalimie tu kama utaona jina langu linafaa kutajwa mbele yake.

Ni mimi mdogo wako,
Jovin